Kisa cha pampu ya Simiyu: mvua kubwa haikuleta maji, mvua ndogo ikaleta mafuriko

Kuna kikundi cha wakulima kule chini ya mto Simiyu, upande wa Magu, karibu na pale mto unapoingia Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Kijiji sikitaji, wenyewe hawataki. Wana majaruba ya mpunga, na kwenye kingo za mto wanapanda nyanya na tikiti wakati wa kiangazi, na wana pampu moja ya dizeli ambayo walichangishana kuinunua na ndo roho ya kikundi. Mi kazi yangu ni ramani na data, nakaa Mwanza mjini, ndugu yangu mmoja ana majaruba kule ndo maana nikaingizwa kwenye grupu lao la WhatsApp, na kisa hiki kimechezewa humo humo kwenye grupu, kuanzia Oktoba 2019 mpaka katikati ya 2020. Nimekaa nacho muda mrefu maana kila nikikisimulia kwa watu wa data wanacheka, halafu wakikifikiria vizuri wananyamaza.

Oktoba, ardhi imekauka tangu Juni, ikanyesha mvua moja kubwa sana maeneo ya juu, Maswa na Meatu huko. Meseji ikazunguka kwenye magrupu, ya kawaida tu: satelaiti zimeonyesha mvua kubwa kwenye bonde la mto, walio mabondeni wachukue tahadhari. Mwenyekiti akaichukulia serious, akasema pampu itoke. Sasa kutoa pampu siyo jambo dogo. Inafunguliwa mipira, inafunguliwa kutoka kwenye kitako chake, inatafutwa mkokoteni na maksai wawili, vijana wanne wa kusukuma pale kwenye mteremko wa mchanga, na wote hao wanataka hela au angalau chakula. Wakatoa. Wakakaa wanausubiri mto. Mto ukaja na matope kidogo, ukapanda kiasi cha kulowesha magoti, kesho yake ukarudi chini. Grupu zima likacheka, mama mhazini ndo hakucheka, maana hela ya mkokoteni ilitoka kwenye kiboksi chake.

Machi 2020 ikaja meseji nyingine, maneno karibu yaleyale. Mvua yenyewe kwa picha za satelaiti ilikuwa ya kawaida, ndogo waziwazi kuliko ile ya Oktoba. Nani atoe tena pampu? Mzee mmoja tu, yeye ana majaruba ya chini kabisa, alituma voisi akasema, "Jamani mbuga imeshafunga, safari hii mto unakuja." Mbuga kwetu ni ule udongo mweusi wa bondeni. Watu wakaweka emoji. Usiku maji yakaja, pampu ikalala chini ya maji, mipira ikaondoka nayo, kitalu cha nyanya hakikubaki hata alama. Pampu fundi aliifungua, akaosha, ikawaka, ila mpaka leo inakula oili. Na kilichouma zaidi siyo usiku ule, ni kwamba maji hayakuondoka. Mpunga unavumilia kusimama ndani ya maji, wote tunajua, lakini ukizama mpaka kichwa ukakaa hivyo siku nyingi unaoza, na wa majaruba ya chini ulioza.

Baada ya hapo swali kwenye grupu likawa moja na lilielekezwa kwangu: satelaiti ziliona mvua kubwa hapakutokea kitu, zikaona mvua ndogo tukazama, sasa hizo satelaiti ni za nini?

Swali zuri kabisa. Jibu langu ni kwamba satelaiti ya mvua haikukosea hata mara moja kwenye kisa hiki. Mvua ya Oktoba kweli ilikuwa kubwa na ya Machi kweli ilikuwa ndogo. Kilichokosekana kwenye meseji zote mbili ni habari ya ardhi: ardhi ilikuwa kwenye hali gani mvua ilipoikuta.

Tuanze na hesabu maana ndiyo inamaliza ubishi. Bonde la mto Simiyu lote, ukijumlisha na mto Duma unaotokea upande wa Serengeti, ni kama kilomita za mraba 11,000. Milimita 10 za mvua zikinyesha bonde zima ni mita za ujazo milioni 110. Siyo zote zinafika mtoni. Ardhi ikiwa kavu tuseme kwa mfano asilimia 3 tu ndo inatiririka, hiyo ni milioni 3.3. Ardhi ikiwa imeshiba tuseme asilimia 30, hiyo ni milioni 33, kwa mvua ileile. Sasa chukua mvua mara mbili, milimita 20, iangushe kwenye ardhi kavu: milioni 6.6. Yaani mvua nusu yake kwenye ardhi iliyoshiba inaleta mtoni maji mara tano. Asilimia nimechagua mwenyewe kwa ajili ya mfano, lakini hali ya aina hii kwenye mito ya msimu ya kwetu ni ya kawaida kabisa, na ndiyo maana kupima mvua peke yake halafu ukapiga kelele mafuriko mafuriko utaumbuka mara nyingi tu.

Na ardhi ya bonde la Simiyu siyo ya kawaida. Mtu wa Usukumani anajua, ukitoka juu kwenye mawe unashuka unakutana na luseni, kichanga kile, maji yanapita tu. Ukishuka zaidi kuna itogolo, ngumu chini, maji yanagoma kuingia. Halafu chini kabisa bondeni ni mbuga, udongo mweusi mzito. Mbuga ndo mhusika mkuu wa kisa hiki. Wakati wa kiangazi inapasuka, nyufa unaingiza mkono mpaka kiwiko, ng'ombe anaweza kuvunjika mguu. Mvua ya kwanza ikipiga, maji hayatiririki juu, yanazama kwenye nyufa moja kwa moja mpaka chini. Hiyo ndiyo Oktoba. Mvua kubwa ya Maswa ilinywewa na nyufa. Halafu udongo ukishapata maji unavimba, nyufa zinajifunga, na mbuga iliyofunga ni kama sakafu, tone linaloanguka halina pa kwenda zaidi ya mtoni. Mzee wa voisi alikuwa anasema hichohicho na hakuhitaji intaneti.

Kati ya Oktoba na Machi sasa kilitokea nini? Vuli ya 2019 ilikuwa si mchezo, Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi ilipata joto kuliko upande wa Indonesia kwa kiwango ambacho kilikuwa hakijaonekana miaka mingi, na Afrika Mashariki nzima ikanyeshewa Oktoba mpaka Desemba. Januari na Februari ambazo huwa tunapata kiangazi kidogo nazo hazikukauka ipasavyo, palikuwa na wiki chache tu za jua, na hizo ndizo zilizowafanya wairudishe pampu mtoni. Juu ya ardhi palionekana pakavu. Chini palikuwa pamejaa.

Hapo ndipo modeli ya ardhi inapoingia, na nataka niieleze taratibu maana watu wakisikia modeli wanadhani ni utabiri. Siyo utabiri. Ni daftari la duka tu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kinachoingia ni mvua. Kinachotoka ni kinachokwenda angani kwa jua, upepo na majani, pamoja na kinachotiririka juu na kinachozama chini kabisa. Kilichobaki ni unyevu wa udongo. Modeli moja inayotumika sana inaitwa Noah, yenyewe inagawa udongo matabaka manne, sentimita 10 za juu, halafu 30 zinazofuata, halafu 60, halafu mita nzima, jumla mita mbili. Kila baada ya muda mfupi inapiga hesabu ya kila tabaka, kwa kila kipande cha ardhi, na inaendelea hivyo miaka na miaka bila kulala. Na miaka ni muhimu. Huwezi kuiwasha leo ukaiuliza udongo una maji kiasi gani, haijui, lazima uiendeshe kwa mvua za miaka ya nyuma mpaka matabaka ya chini yatulie, vinginevyo baki unayoisoma ni uongo ulioanza nao.

Kuna mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya tahadhari ya njaa, FLDAS, unatumia Noah na mvua ya CHIRPS, yaani makadirio yanayochanganya satelaiti na vipimo vya ardhini, vipande vyake ni kama kilomita 11 kwa 11, data bure, unafungua tu akaunti unapakua. Mimi nilipakua kipande cha bonde la Simiyu baada ya mambo kuharibika, nikachora tabaka moja moja kwa miezi. Tabaka la juu linapanda linashuka, linapanda linashuka, Februari limeshuka, ukiliangalia hilo peke yake unasema mambo shwari. Tabaka la tatu na la nne ndo stori yote ilipo, linapanda tangu Novemba halishuki, Februari liko juu kuliko miaka mingine niliyolinganisha nayo. Yaani tahadhari ilikuwa imelala pale, kwenye faili ambalo mtu yeyote mwenye bando angelifungua, ila hakuna aliyekuwa anaigeuza kuwa meseji ya Kiswahili ya mistari miwili.

Ila nisiipambe modeli. Kwenye mbuga ina udhaifu wake, maana Noah ya kawaida haina nyufa. Yenyewe inajua huu ni udongo wa mfinyanzi, na mfinyanzi kwenye jedwali lake unapitisha maji polepole, kwa hiyo ukiipa mvua kubwa ya Oktoba inakuwa na hamu ya kutiririsha maji mengi kuliko ukweli. Kwa hiyo kama wangetumia modeli Oktoba ingepunguza kelele ya mvua lakini isingeiondoa yote. Mtu akikuuzia mfumo wa kompyuta wa tahadhari ya mafuriko Usukumani, muulize kwanza mbuga ikipasuka mfumo wake unafanyaje, akianza kuzunguka ujue tayari.

Udhaifu huo unapunguzwa kwa kuichanganya modeli na macho ya satelaiti nyingine, inayosoma unyevu wenyewe badala ya mvua. SMAP ya Wamarekani ilirushwa Januari 2015, inapokea mawimbi hafifu yanayotoka ardhini yenyewe, ardhi yenye maji na ardhi kavu zinatoa tofauti. Inapita kila baada ya siku mbili tatu, na inasoma sentimita tano hivi za juu tu. Modeli ikisema tabaka la juu lina maji kiasi hiki na SMAP ikisema kiasi kile, kunapigwa hesabu ya nani aaminiwe kwa kiasi gani siku hiyo, namba inasogezwa katikati, na kusogea huko kunashuka taratibu mpaka matabaka ya chini. Kizuri ni kwamba nyufa hata kama modeli haizijui, SMAP ikiona ardhi ya juu imekauka tena haraka baada ya mvua ya Oktoba inaivuta modeli irudi kwenye ukweli.

Lakini sasa njoo na SMAP ufukweni uone vituko. Kisoma chake kinachukua eneo la kama kilomita 40 kwa mara moja, wakaligawa kwa ujanja mpaka 9. Kijiji chetu kiko karibu na ziwa. Kwa hiyo kwenye kipande kinachosomeka pale, sehemu kubwa ni maji ya ziwa lenyewe, na ziwa halikauki, basi namba ya unyevu pale iko juu Januari mpaka Desemba. Kuna kijana kwenye grupu, msomi, alipakua akaniletea grafu anasema mbona kwetu ardhi imeshiba hata Agosti. Haijashiba, mdogo wangu, umesoma ziwa. Watengenezaji wanajua, wanaweka alama kwenye vipande vyenye maji mengi, ila ukipakua bila kusoma alama unaingia mkenge. Cha kufanya ni kuachana na kipande cha kijijini na kusoma vya juu, Maswa, Meatu, Bariadi, maana mafuriko ya chini yanapikwa juu.

Kituko kingine ni saa. Mvua ya satelaiti inayotumika sana, IMERG, inatokana na kundi la satelaiti linaloongozwa na GPM iliyorushwa Februari 2014, inatoa namba kila nusu saa na toleo la haraka linapatikana baada ya kama saa nne. Nzuri. Ila watu wengi wanajumlisha mvua ya siku kwa saa za Greenwich, na siku ya Greenwich kwetu inaanza saa tisa usiku. TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wao wanasoma kipimo cha mvua saa tatu asubuhi. Huku kandokando ya ziwa mvua za usiku wa manane mpaka alfajiri ni za kawaida sana, kwa hiyo mvua moja iliyoanza saa saba usiku ikaisha saa kumi na moja alfajiri, satelaiti inaikata vipande viwili inaiweka kwenye siku mbili, na kipimo cha TMA kinaiweka kwenye siku moja. Halafu mtu anachora zote mbili anasema haviendani, satelaiti feki. Panga saa kwanza, kaka.

Nirudi kwenye maji yaliyogoma kuondoka, maana hili ndilo lililowauma na ndilo ambalo karibu kila mtu alilielewa vibaya. Kwenye grupu maelezo yaliyopendwa ni mawili: Simiyu imejaza ziwa, na Waganda wamefunga maji Jinja, pale mto Nile unapotoka ziwani.

La kwanza halisimami hata kidogo. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba kama 68,800. Ili lipande sentimita moja tu linahitaji mita za ujazo milioni 688. Zile milioni 33 za mfano wetu zinalipandisha kama nusu milimita. Ziwa linalishwa hasa na mvua inayoanguka juu yake lenyewe, kama asilimia 80 ya maji yanayoingia, mito yote ukijumlisha na mto Kagera ndo inagawana kilichobaki. Simiyu hauwezi kulipandisha ziwa. Ziwa ndilo linaweza kuupandisha Simiyu.

La pili lina historia kwa hiyo nawaelewa. Tangu bwawa la kwanza lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954 maji yanatakiwa kuachiwa kwa makubaliano yanayofuata vile mto ungetoka wenyewe kama bwawa lisingekuwepo, na miaka ya 2004 mpaka 2006 ziwa liliposhuka sana palikuwa na ugomvi mkubwa kwamba yanaachiwa mengi kuliko makubaliano, pamoja na ukame. Kwa hiyo watu wana kumbukumbu. Lakini 2020 haikuhitaji mchawi. Kuanzia mwisho wa 2019 mpaka Mei 2020 ziwa lilipanda zaidi ya mita moja na kuvuka rekodi ya 1964, na mvua peke yake inatosha kulieleza hilo. Kuna watafiti walichapisha 2024 hesabu yao kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa tukio kama lile kama mara 1.8. Aprili ile ile kisiwa cha magugu kilichong'oka kilielea mpaka Jinja kikaziba mitambo, Uganda ikaingia giza. Kila ufuko ulikuwa na la kwake.

Sasa ziwa likipanda mita moja, mto unaoingia ziwani kwenye ardhi bapa unafanyaje? Piga picha ardhi inayopanda mita moja kwa kila kilomita. Ziwa limeingia kilomita nzima ndani. Na juu ya hapo maji ya mto yanakosa mteremko, yanapunguza mwendo, yanarundikana, yanamwagika pembeni kwenye majaruba, na hayana sababu ya kuondoka mpaka ziwa lishuke, na ziwa halishuki kwa wiki moja. Kwa hiyo pale kijijini kulikuwa na mafuriko mawili juu ya mahali pamoja. La mto lilikuja usiku mmoja. La ziwa lilikuwa linakuja tangu Novemba, sentimita kwa sentimita, na hakuna aliyeliita mafuriko maana halikuwa na sauti.

Hili la ziwa ndilo satelaiti inaliona kirahisi kuliko yote, na inaniuma kuliko yote. Usawa wa maji ya ziwa unapimwa toka angani kwa rada tangu satelaiti ya TOPEX/Poseidon ya 1992, wakafuata akina Jason, mwaka ule ilikuwa Jason-3 inapita juu ya ziwa kila baada ya kama siku kumi, inatuma mapigo, inapima muda wa kurudi, unapata uso wa maji kwa usahihi wa sentimita kadhaa, na grafu iko wazi mtandaoni. Ziwa kubwa tulivu ni rahisi, siyo kama kamto. Mtu yeyote aliyefungua grafu ile Januari 2020 aliona mstari unakwenda juu bila kupumzika. Kwa lugha ya kikundi ingekuwa hivi: mwaka huu mto ukitoka kingo zake maji hayataondoka, majaruba ya chini msipande, au pandeni mapema, au pandeni mkijua. Taarifa ya miezi miwili mbele, bure.

Baada ya maafa zikaja picha za Sentinel-1. Ni rada ya Wazungu wa Ulaya, inapita mawingu na usiku inaona, kwa mafuriko yetu ni ukombozi maana picha za kawaida wakati wa masika ni mawingu matupu. Maji tulivu yanaonekana meusi, basi unapaka rangi eneo jeusi unasema hili limefurika. Ramani ya namna hiyo ilifika kwenye grupu na wenyewe wakaikataa dakika ileile, kwa haki. Majaruba ya juu ambayo hayakufurika yalikuwa meusi, kwa sababu yalikuwa yametiwa maji ya kupandia, ndiyo kazi ya jaruba. Na mafunjo ya mdomoni mwa mto, ambayo yalizama mpaka nusu, yalikuwa yanang'aa meupe, kwa sababu mawimbi ya rada yanagonga maji, yanagonga mabua, yanarudi na nguvu. Ramani iligeuza: palipo salama ikasema mafuriko, palipofurika ikasema pakavu. Dawa yake ni kulinganisha na picha za miezi ileile miaka ya nyuma, halafu ukae na mwenye jaruba dakika kumi.

Basi tukakaa, mwenyekiti, mama mhazini, yule mzee wa voisi na mimi, tukajaribu kupanga meseji inayofaa iweje. Mzee alitaka mbuga iwe ya kwanza kutajwa. Kwa hiyo ikawa meseji inasema vitu vitatu kwa mpangilio huo: ardhi ya juu imeshiba au bado, mvua ya juu kubwa au ndogo, ziwa liko juu au chini kuliko mwaka jana wakati kama huu. Ardhi bado na mvua kubwa, kaa macho. Ardhi imeshiba na mvua hata ya kawaida, toa pampu. Ziwa juu, usipande ya chini. Ya ardhi naisoma mimi kutoka kwenye modeli na SMAP ya huko juu, ila mzee ana kura ya turufu kuhusu nyufa, mpwa wake yuko Meatu anamtumia picha ya shamba.

Mama mhazini yeye hakujali satelaiti, alitaka kujua habari ya mkokoteni. Tukikosea nani analipa? Hapa nilimpigia hesabu na nadhani ndicho kitu cha maana zaidi nilichowapa. Tuseme kutoa pampu kunagharimu moja ya kumi ya hasara ya kuiacha izame. Basi kutoa kunalipa mradi tu uwezekano wa mafuriko uzidi moja kwa kumi. Ina maana ukiitoa mara tano, ikawa kweli mara moja, bado umefaidika, zile nne siyo ujinga. Kwa hesabu hiyo hata uamuzi wa Oktoba, kwa taarifa aliyokuwa nayo mwenyekiti siku ile, haukuwa wa kuchekwa. Mwenyekiti alifurahi sana kusikia hivyo. Mama akasema kama ni hivyo basi hela ya mkokoteni itengwe mapema ijulikane ni ya kutoka bure mara nne, isije ikawa kila mara anagombezwa yeye.

Kilichobaki bado kigumu ni kimo cha ardhi. Ramani za kimo za bure, zile za chombo cha anga cha Februari 2000, zinaweza kukosea mita kadhaa juu chini, na sisi tunabishania mita moja. Haziwezi kukuambia jaruba la nani litazama. Kwa hilo tulimwita fundi ujenzi na mpira wake wa levo, ule wa plastiki unaojazwa maji, akahamisha kimo kutoka kingo ya mto jaruba hadi jaruba, wakapaka rangi kwenye mawe na miti, nyekundu pale maji ya Machi 2020 yalipofika, bluu nusu mita chini yake. Kijana msomi ndo anapiga picha ya bluu kila Jumatatu. Mwenye jaruba la kwanza baada ya rangi nyekundu hajakubali bado kwamba jiwe lake liliwekwa sawasawa, anasema fundi alibana mpira na goti.